Maskwota wa Mataji Mawili

Januari 1964 ilikuwa na mkosi kwa wenye vyeo wa Afrika Mashariki. Usiku wa kuamkia tarehe 12, Sultani Jamshid bin Abdullah alipoteza kiti chake Unguja. Tarehe 20, wanajeshi wa kambi ya Colito, Dar es Salaam, waliwageuka maafisa wao Waingereza. Tarehe 23 ikawa zamu ya kambi ya Jinja, Uganda, na jioni ya tarehe 24 askari wa Batalioni ya 11 ya Kenya Rifles wakavunja ghala la silaha katika kambi ya Lanet, hapa pembeni mwa mji wa Nakuru. Majeshi ya Uingereza yaliyokuwa bado nchini yaliizima ghasia ya Lanet upesi. Askari mmoja aliuawa, wengine wakafikishwa mbele ya mahakama ya kijeshi, na batalioni yenyewe ikavunjwa.

Wapo wanaoyasimulia mambo hayo manne kama moto mmoja ulioruka kutoka paa hadi paa. Simulizi hiyo ni tamu lakini haifiki mbali. Askari wa Lanet walidai mshahara, na walichoshwa na kuamrishwa na Waingereza katika nchi iliyokwisha kupata uhuru. Hawakuwa na neno na mfalme yeyote, ingawa Kenya yenyewe ilikuwa na malkia wakati ule, jambo ambalo wengi wetu tumelisahau. Bendera ilipandishwa 12 Desemba 1963, lakini Elizabeth wa Pili alibaki mkuu wa dola yetu hadi 12 Desemba 1964, akiwakilishwa na Gavana Mkuu Malcolm MacDonald. Anayetaka kuilinganisha Nakuru na Unguja kwa faida aiache kambi, aende mashambani, na arudi nyuma miaka ishirini hivi. Huko atawakuta maskwota wa Bonde la Ufa na maskwota wa mashamba ya mikarafuu. Watu hawa hawakujuana, lakini walipitia jambo lile lile chini ya mataji mawili tofauti.

Bonde la Ufa la kati halikuwa na wafalme wake. Wamaasai walikuwa na laiboni, Wanandi na Wakipsigis walikuwa na orkoiyot, lakini hao walikuwa wenye uganga na ushauri wa vita, na nguvu zao zilikuwa na mpaka. Mnamo 1890 hivi, Wanandi walimpiga marungu hadi kufa Kimnyole, orkoiyot wao, baada ya vita alivyovibariki kuishia msibani. Mambo ya kila siku yalikuwa mikononi mwa marika, na rika lililokwisha zamu yake lilikabidhi kwa lililofuata, kwa sherehe na kwa ratiba inayojulikana. Wagikuyu nao husimulia kwamba hapo kale walikuwa na mfalme dhalimu, wakamwondoa, ndipo wakaweka itwika, yaani kila baada ya kizazi wazee wanaotawala huiachia nchi mikononi mwa wanaowafuata. Jomo Kenyatta aliieleza simulizi hiyo katika Facing Mount Kenya, kitabu kilichotoka London mwaka 1938, na sidhani kwamba hakujua alikuwa akiwasimulia watu wenye mfalme. Iwe historia au hekaya, inatuonyesha jamii iliyokubali kwamba kila mtawala hufika siku akachosha, ikaipanga siku hiyo mapema. Miaka ya 1920, itwika nyingine ilipokuwa ikiandaliwa, serikali ya kikoloni iliipiga marufuku.

Unguja mambo yalikwenda kwa damu ya ukoo na kwa mzinga. Mwaka 1896, Khalid bin Barghash alipojitangaza sultani bila idhini ya Waingereza, manowari zao ziliipiga kasri ya Mji Mkongwe kwa muda usiofika saa moja, na Hamoud bin Mohammed akakalishwa kitini. Kuanzia hapo kila mtu alijua kwamba kiti kile hakibadilishwi na wananchi. Mlango wake ulikuwa baharini, na funguo zilikuwa za Waingereza.

Nalitaja suala hili la kumbadilisha mtawala mapema kwa sababu wanaotafuta chanzo cha mapinduzi hukimbilia umaskini, na umaskini peke yake haujibu swali. Skwota wa Njoro wa mwaka 1950 hakuwa na dhiki kubwa kumshinda mtu wa Ukambani aliyepigwa na ukame, na mkulima wa mihogo wa Unguja hakuwa hoi kuliko mvuvi wa Makunduchi. Walichokuwa nacho ambacho wenzao hawakuwa nacho ni hasira ya mtu aliyenyang'anywa kitu alichokwisha kukizoea kuwa ni haki yake.

Tuanze na Nakuru. Hadi 1902 sehemu hii haikuwa hata ya Kenya. Naivasha na Nakuru zilikuwa Mkoa wa Mashariki wa Uganda, na reli ilikuwa imefika hapa mwaka 1900 tu. Kisha sheria za ardhi za 1902 na 1915 zikaifanya nchi kuwa ardhi ya taji. Kwa mkataba wa 1904 Wamaasai walihamishwa kutoka bonde hili, nusu wakapelekwa Laikipia. Mwaka 1911 wakaambiwa watoke na huko pia, waende kusini. Walipokwenda mahakamani mwaka 1913, walijibiwa kwamba wao si raia wa mfalme, ni taifa la kigeni lililofunga mkataba naye, kwa hiyo mahakama ya mfalme haiwezi kuwasikiliza. Wanasheria hadi leo huirejelea hukumu ile, na sijapata kusoma maandishi mengine yanayoonyesha kwa ufupi kiasi hicho maana ya kuwa chini ya taji la mbali: unachukuliwa ardhi kama mtu wake, unafukuzwa mahakamani kama mgeni. Wagikuyu nao waliambiwa na hukumu ya 1921 kwamba wote ni wapangaji wa taji, wanaokaa kwa hiari yake. Lord Delamere alikuwa amepata eka laki moja Njoro, akaongeza Soysambu kule Elmenteita. Walowezi waliohofia muda walipewa mikataba ya miaka 999.

Ardhi hiyo yote ilihitaji mikono. Wagikuyu wengi walivuka milima ya Nyandarua kuja kulima mashamba ya masetla, na hawakuja kama vibarua wa mshahara. Walikuja na mbuzi na ng'ombe, wakapewa kipande cha msitu wasafishe, walime mahindi na viazi vyao, walishe mifugo yao, na kwa malipo wamfanyie bwana kazi siku 180 kwa mwaka. Kwa Mgikuyu jambo hilo halikuwa geni. Kwao kulikuwa na muhoi, mtu anayekaribishwa kulima katika ardhi ya mwenzake kwa urafiki, na ambaye watoto wake hawafukuzwi ovyo. Setla alidhani ameajiri. Skwota alidhani amekaribishwa, na kwa kuwa ndiye aliyeuvunja msitu, moyoni alijihesabu mwenye sehemu.

Kutoelewana huko kungeweza kuendelea miaka mingi bila mtu kuumia. Kilichoharibu mambo ni sheria ya 1937, iliyoanza kutumika 1940. Iliwapa madiwani wa wilaya za walowezi uwezo wa kupunguza eka na mifugo ya skwota, na kuongeza siku za kazi hadi 240 na hata 270. Vita vya pili vya dunia vilikuwa vimepandisha bei ya mahindi na maziwa. Setla aliyekuwa maskini miaka ya 1930 sasa alikuwa na pesa ya trekta na ng'ombe wa kizungu, na hakutaka ng'ombe hao wachanganyike na wa skwota wakaambukizwa maradhi. Mifugo ikaondolewa. Wazee walikuwa na kumbukumbu ya mwishoni mwa miaka ya 1920, walipopokonywa wanyama kwa wingi, wakaiita zahama hiyo kifagio. Sasa kifagio kilirudi kikiwa na sheria nyuma yake. Watoto waliozaliwa mashambani, ambao Kiambu na Murang'a walizijua kwa majina tu, waliambiwa warudi kwao.

Olenguruone inastahili kukaliwa kidogo, kwani ndiyo iliyowasha mengi. Iko juu ya Mau, upande wa kusini magharibi mwa Nakuru, nchi ya baridi ambako mahindi hukawia. Mwaka 1941 serikali iliifungua kuwapokea Wagikuyu waliofukuzwa Umaasaini, pamoja na waliokuwa maskwota. Waliofika walisema wamepewa ardhi hii kuwa fidia ya mashamba waliyonyang'anywa Kiambu. Serikali ilisema wao ni wapangaji, na ikawaletea masharti: nini kipandwe wapi, mifugo mingapi, matuta yachimbwe namna gani, na nani arithi. Walikataa kutia sahihi. Wakiongozwa na Samuel Koina, waliandika barua, wakatuma wajumbe, wakashtakiwa kwa jina la mfalme na kushindwa. Na walikula kiapo. Viapo vya Wagikuyu vilikuwa vya wanaume wazima, na siasa ya Kiambu ilikuwa ya wazee wenye hadhi. Olenguruone walimwapisha kila mtu, wanawake na watoto pia, kwa sababu sheria ile ilimgusa kila aliyekuwa ndani ya ua. Kutoka hapo kiapo cha umoja kilienea katika mashamba ya Nakuru na Naivasha, kikafika Kiambu kikiwa na sura mpya. Kufikia 1950 watu wa Olenguruone walikuwa wamebebwa kwa nguvu hadi Yatta, na mazao yao yameharibiwa. Anayesema Mau Mau ilizaliwa Nyeri msituni aanze kwanza na Olenguruone.

Yaliyofuata yanajulikana: hali ya hatari ya 20 Oktoba 1952, uvamizi wa kituo cha polisi cha Naivasha usiku wa 26 Machi 1953, na karibu Wagikuyu laki moja waliosombwa kutoka Bonde la Ufa na kurundikwa katika hifadhi zisizo na nafasi. Serikali ilidhani inauondoa ugonjwa. Ilikuwa inawapelekea wapiganaji wa msituni watu wasio na cha kupoteza. Dedan Kimathi mwenyewe alikuwa ameongoza siasa kama katibu wa chama cha KAU kule Ol Kalou, katikati ya mashamba ya masetla, kabla hajaingia Nyandarua.

Sasa tuvuke bahari. Utumwa ulipofutwa Unguja mwaka 1897, wengi waliokuwa watumwa walibaki katika mashamba yale yale ya mikarafuu, na baadaye wakafuatwa na watu wa bara waliokuja kuchuma karafuu. Mwenye shamba aliwaachia wajenge na wapande mihogo na viazi chini ya miti. Wao walimfanyia palizi. Kodi hakuna, mkataba wa maandishi hakuna. Katika desturi ya pwani mti una mwenyewe na udongo una habari yake, kwa hiyo mpangilio huo haukumshangaza mtu. Sharti lilikuwa moja: usipande mti wa kudumu, maana mti ni ushahidi.

Si kweli kwamba wakulima wa Unguja walimchukia sultani tangu mwanzo. Khalifa bin Harub, aliyetawala kuanzia 1911 hadi 1960, alikuwa mzee wa kuheshimika. Mwaka 1951 wakulima wa Kiembe Samaki, waliokuwa wamekwisha kupokonywa ardhi kwa ajili ya uwanja wa ndege, walikataa ng'ombe wao kuchanjwa na wakapambana na polisi. Miaka minne baadaye watu wa kijiji hicho hicho walikuwa miongoni mwa waliounda chama kilichojiita cha raia wa Sultani wa Zanzibar, ambacho ndicho kilichokuwa Hizbu. Yaani mkulima aliyeasi serikali mwaka 1951 alijificha chini ya joho la sultani bila kuona aibu. Kisa hiki huwatatiza wanaosimulia Mapinduzi kama chuki ya kale ya watumwa dhidi ya mabwana, nami nafurahi kinapowatatiza.

Lililogeuza mambo ni uchaguzi wa Julai 1957. Hizbu haikupata kiti hata kimoja. Baada ya hapo baadhi ya wenye mashamba Waarabu walianza kuwafukuza maskwota waliokipigia kura chama cha Afro-Shirazi, na Waafrika wakajibu kwa kususia maduka ya Waarabu. Desturi ya miaka sitini ikawa adhabu ya siasa. Ukiilinganisha na Nakuru, fukuza ya Naivasha na Njoro ilitokana na hesabu ya maziwa na mahindi, na ya Unguja ilitokana na hesabu ya kura. Kwa aliyefukuzwa tofauti ni ndogo. Alichojifunza kila mmoja ni kwamba kile alichokiita haki kilikuwa hisani ya mtu, na hisani hiyo hutegemea faida ya huyo mtu.

Mtu wa Unguja alijaribu karatasi ya kura kwa subira ambayo hatumpi sifa ya kutosha. Januari 1961, sare. Juni 1961, Hizbu na chama cha ZPPP waliunda serikali, ghasia zikaua watu 68, karibu wote Waarabu, wengi wakiwa wauza duka maskini wa vijijini waliotoka Oman karibuni na ambao hawakuwa na mkarafuu hata mmoja. Julai 1963, Afro-Shirazi walipata asilimia 54 ya kura na viti 13 kati ya 31. Waingereza wakaondoka 10 Desemba, wakimwachia Jamshid taji na Mohammed Shamte uwaziri mkuu. Serikali hiyo mpya ikawaachisha kazi polisi wengi wenye asili ya bara, watu waliojua bunduki ziko wapi katika kambi za polisi za Ziwani na Mtoni. Haikufika wiki tano.

Kuhusu usiku wenyewe sina haja ya kukaa sana. John Okello, mtu wa Lango kutoka Uganda aliyekuwa amepita Kenya kutafuta kazi kabla ya kufika Pemba, alijitangaza Field Marshal redioni. Kimathi naye alijiita Field Marshal msituni, na katika barua zake hata akajipa heshima ya Sir. Inachekesha kidogo na inafundisha zaidi: taji lilikuwa limeshika hata vyeo vya ndoto za walioliasi. Katika siku zilizofuata Waarabu kwa maelfu waliuawa, na wengi wao hawakuwa mabwana wa mashamba. Ghadhabu ya skwota ilieleweka. Mauaji yale hayawi haki kwa sababu ya hilo, kama vile kuuawa kwa watoto na vikongwe wa Lari mikononi mwa Mau Mau hakukuwa haki kwa sababu ya Olenguruone.

Mwenendo huu si wa kwetu peke yetu. Rwanda mwaka 1954 Mwami Mutara wa Tatu aliifuta ubuhake, ule utegemezi wa ng'ombe kati ya mtu na bwana wake, lakini malisho yakabaki ya mabwana. Mhutu akawa na ng'ombe wake halali asiye na pa kumlisha, na Novemba 1959 nchi ikalipuka, huku Wabelgiji wakiwa wamekwisha kubadili upande. Septemba 1961 ufalme ukafutwa kwa kura. Ufaransa katika kiangazi cha 1789 wakulima walivamia kasri za makabaila na mara nyingi walichokichoma kwanza ni makaratasi yaliyoandikwa madeni na wajibu wao. Mwandishi Mfaransa Tocqueville aliona kwamba watu huasi mzigo unapoanza kupunguzwa, maana hapo ndipo wanapoona kuwa haukuwa wa lazima. Rwanda inamuunga mkono. Nakuru na Unguja, kwa maoni yangu, zinamsahihisha: kwetu mzigo uliongezwa, na uliongezwa na watu waliokuwa wakitajirika.

Tofauti kubwa ya mataji mawili ilikuwa umbali. Sultani aliishi mwendo wa miguu kutoka mitaa ya Ng'ambo. Aliyekuwa na hasira naye alijua mlango wake, na ilipofika saa yenyewe Jamshid alipata tu kukimbilia merikebu yake, akaenda Mombasa, serikali ya Kenya ikamkatalia kushuka, akaenda kuishi Uingereza. Alifariki Muscat Desemba 2024. Elizabeth alikuwa Kenya, huko Nyeri, siku alipopata umalkia, 6 Februari 1952, akaondoka siku hiyo hiyo. Hakuna Mau Mau aliyeota kumpindua. Adui aliyeonekana alikuwa setla, chifu na DC, na taji lililowapa nguvu lilibaki jina katika karatasi za mahakama. Kwa sababu hiyo Unguja walipata mapinduzi na sisi tukapata mapatano.

Mapatano yenyewe yalitamkwa hapa hapa. Tarehe 12 Agosti 1963, Kenyatta aliingia katika ukumbi wa mji wa Nakuru akawaambia walowezi kwamba atawasamehe naye asamehewe, na kwamba serikali yake inawahitaji wabaki walime. Wengi wao walikuwa wamekuja wakitarajia kutishwa. Wakati huo mpango wa eka milioni moja ulikuwa umeshaanza: mashamba ya masetla yalinunuliwa kwa fedha za mkopo wa Uingereza na Benki ya Dunia, na familia zipatazo 35,000 zikapewa vipande ambavyo zilitakiwa kuvilipia. Skwota alinunua kwa mkopo udongo ambao babake aliuvunjia msitu, na wale wa Jeshi la Ardhi na Uhuru waliodai ardhi bure waliwindwa na serikali ya mkoloni na kisha ya uhuru. Unguja, Machi 1964, ardhi ilitaifishwa, na katika miaka iliyofuata familia zaidi ya elfu 20 zikagawiwa eka tatu tatu bila malipo. Lakini eka tatu zilikuwa za serikali. Mkulima aliruhusiwa kutumia. Kwa jambo hili naona Unguja walitenda haki zaidi ya sisi, ingawa waliifunga haki hiyo katika mkono wa mtawala mpya asiyepigiwa kura.

Kwetu tulidhani jamhuri ya 1964 imemaliza habari ya taji. Sheria ya ardhi ya 1915 haikufutwa. Ilibadilishwa jina, ikawa Sheria ya Ardhi ya Serikali, Sura ya 280, na ikadumu hadi baada ya Katiba ya 2010, katiba hiyo hiyo iliyopunguza mikataba ya miaka 999 ya wageni kuwa miaka 99. Kila kilichokuwa cha mfalme kilihamia kwa rais, na rais alikigawa kwa aliyemtaka, kwa kalamu ambayo hakuna gavana wa kikoloni aliyewahi kuitumia kwa uhuru namna hiyo. Walioumia zaidi ni Waogiek wa msitu wa Mau, wa Mariashoni na Nessuit, ambao wakoloni waliwahesabu kuwa wavamizi katika msitu wa taji na jamhuri ikaendelea kuwahesabu hivyo hivyo. Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyoko Arusha, iliamua 26 Mei 2017 kwamba Kenya imevunja haki zao, na 23 Juni 2022 ikaamuru walipwe fidia ya shilingi 157,850,000 na warudishiwe ardhi yao ya jadi kwa hati ya pamoja. Novemba 2023, askari wa misitu walibomoa nyumba za Waogiek kule Sasimwani, upande wa Narok.